Safari za kubadilishana vijana huharibika kabla ya ndege kuruka

Kwako Mhariri,

Mtoto wa Mombasa anapoomba nafasi ya kwenda kusoma au kujitolea ng'ambo, wazazi na walimu huweka nguvu zote kwenye usaili. Humnoa Kiingereza, wakamfundisha kujieleza. Sisi tunaowaandaa vijana hawa twaona nafasi zikipotea kwingine kabisa: kwenye makaratasi, kwenye kalenda ya shule, na kwenye mambo madogo ya nyumbani ambayo hakuna aliyeona haja ya kuyasema.

Jina ndilo la kwanza. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, daftari la shule Muhammad, kitambulisho cha baba Mohammed. Mtaani huyo ni mtu mmoja; kwa afisa wa viza ni watu watatu. Kwa Wamijikenda, mtoto akirithi jina la babu, jina lake la mwisho laweza kutofautiana na la babake, ilhali fomu za ng'ambo zinadai jina la ukoo. Dawa ni kuanzia cheti cha kuzaliwa. Kama kina kosa, kisahihishwe kwanza, ndipo jina linakiliwe herufi kwa herufi kwenye pasipoti, fomu ya programu, bima na tiketi. Anayekimbilia pasipoti na kuacha cheti kwa baadaye hujikuta akilipa mara mbili, na ya kurasa 34 ni Sh7,500 tangu 2024.

Aliye chini ya miaka 18 anahitaji pia ridhaa ya wazazi na nakala za vitambulisho vyao. Baba akiwa Uarabuni kikazi, barua yake iombwe siku mtoto anapojaza fomu ya programu. Kuisubiri hadi wiki ya kwenda ofisi ya uhamiaji, jengo la Uhuru na Kazi, kutoa alama za vidole ni kucheza na bahati.

Kalenda inaumiza zaidi, kwa maana hasara yake huonekana baada ya kurudi. Programu ya YES, ambayo Marekani iliianzisha mwaka 2002 baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 kwa wanafunzi wa nchi zenye Waislamu wengi, ni ya vijana wa miaka 15 hadi 17 wanaokaa na familia kwa mwaka mzima wa masomo. Mwaka huo huanza Agosti au Septemba na kwisha kama Juni, ilhali mwaka wetu wa masomo huanza Januari. Anayeondoka Agosti akiwa Kidato cha 3 hukosa muhula wa tatu, akarudi wenzake wako katikati ya Kidato cha 4 na usajili wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, umeshapita. KCSE yenyewe inafikia ukingoni mwaka 2027, lakini Gredi ya 10 ya mtaala mpya iliyoanza Januari 2026 haiondoi shida hii, kwa kuwa tathmini za shuleni nazo zitakuwa na pengo. Mwalimu mkuu aandike, kabla ya safari, mtoto atarudi darasa gani na alama za kule zitapokelewaje. Ahadi ya mdomo haitoshi. Walimu wakuu huhamishwa.

Aliyemaliza shule hana kikwazo hicho. Programu ya weltwärts ya Ujerumani, kwa mfano, huchukua vijana wa miaka 18 hadi 28, na tangu 2013 imekuwa ikiwapokea wanaotoka nchi zetu kwenda kujitolea kule, badala ya Wajerumani kuja huku tu.

Sasa nyumba ya mwenyeji. Kijana wa Pwani akikaribishwa chakula husema "nimeshiba", akingoja kusihiwa mara ya pili. Kwa familia nyingi za Marekani na Ujerumani, neno hilo linamaanisha ameshiba, na sahani inaondolewa. Kijana analala na njaa, mwenyeji anadhani chakula chake kimedharauliwa. Afundishwe kusema anachotaka. Mbwa pia: kwa sisi tunaofuata madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni najisi ya kuoshwa mara saba, moja kwa udongo, na kule mbwa hulala sebuleni. Jambo hilo liandikwe kwenye fomu kabla familia haijachaguliwa. Vivyo hivyo nyama ya nguruwe, na swala ya Ijumaa inayoangukia saa za masomo. Kijana akiyataja baada ya kufika, huonekana mkorofi bure.

Na wageni wanaokuja kwetu? Wengi hulazwa hotelini Nyali au Bamburi, wakapelekwa Fort Jesus, wakapiga picha na wanafunzi wa shule moja, wakarudi kwao. Hawajaijua Mombasa. Wapelekwe wakae Kisauni, Mtongwe au Majengo angalau wiki mbili, kila mmoja na kitanda chake, chandarua kizima na maji ya kunywa yaliyochemshwa. Dawa ya kuzuia malaria waanze kuimeza kabla ya kuwasili, kama daktari wao atakavyowaelekeza. Waonyeshwe kuoga kwa ndoo na kata, maana mifereji yetu hukauka. Ikiwa ni Ramadhani, waelezwe kwamba kula ndani mchana si kosa kwao, na kwamba futari ni ya wote. Pesa za chakula familia ipewe kabla mgeni hajaingia. Mama anayekopa dukani ili amkirimu mgeni hatakubali kupokea mwingine, na hatasema kwa nini.

Ombi letu kwa shule za kaunti hii ni kwamba orodha ya wanaotaka kuomba iandaliwe mwaka mmoja kabla, na kila jina lilinganishwe na cheti cha kuzaliwa siku hiyo hiyo.

Waandaaji wa safari za vijana,
Mombasa