Usinunue kontroli boksi bado

Nkuhungu, Dodoma
Jumapili jioni

Swahiba wangu Baba Asha,

Mbukwa! Najua unacheka, maana miaka yote uliyokaa hapa Dodoma hukuwahi kuitikia salamu ya Kigogo bila kujing'ata ulimi. Sisi huku ni wazima. Mama Neema anakusalimu, na anauliza lile dumu la alizeti uliloahidi limekwama Manyoni au ndiyo ahadi za watu wa Singida.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Gari linazima barabarani, ukikaa dakika ishirini linawaka kama vile halijawahi kuumwa, na sasa fundi wako anataka laki nne na nusu ya kontroli boksi ya mtumba, ule ubongo wa kompyuta unaoongoza injini. Hiyo hela irudishe mfukoni kwanza. Mkweche wangu, ule wa namba B unaoujua, umenisomesha darasa hilohilo tangu mwezi wa tatu, na ada nimelipa mwenyewe bila mkopo.

Ulianza kwa dalili ambazo mimi niliziona kichekesho. Nikiwasha indiketa, mshale wa joto unanyanyuka kidogo na kushuka, unanyanyuka na kushuka, kwa mdundo uleule wa indiketa. Usiku nikiwasha taa kubwa unapanda kabisa, nikizima unarudi mahali pake. Nikamwita Neema aje aone gari linavyocheza ngoma. Vioo navyo vikawa vinapanda kwa kujivuta kama mzee kwenye ngazi. Gari limetengenezwa 2001, nikasema, lina haki ya kuchoka.

Halafu likaanza kuzima. Mara ya kwanza kwenye foleni karibu na Sabasaba, saa nane mchana, jua la kupasua kichwa. Mara ya pili Majengo. Fundi wa kwanza akabadilisha plagi na koili moja, tukakaa wiki mbili kwa amani, nikamsifia kwa watu. Likazima tena. Wa pili aliposikia "likipoa linawaka" hakungoja nimalize sentensi: sensa ya krenki hiyo. Sasa hapa nimtendee haki. Sensa ile inakaa pale pale penye joto la injini, ndiyo inayoiambia kontroli boksi krenki imefika wapi ili cheche irushwe kwa wakati wake. Ikizeeka hukata mawasiliano ikipata moto, ikipoa inarudi. Ni ugonjwa unaojulikana. Ila haukuwa wangu. Wa tatu akaniuzia pampu ya mafuta. Na wa nne akaja na mashine ya kompyuta, akachomeka, akakuta hakuna kosa hata moja lililoandikwa. Basi, akasema, kama mashine haioni kitu, ubongo wenyewe ndio mgonjwa. Naona fundi wako na huyu wamesoma shule moja.

Lililonitia akili ni safari ya Mtera. Tulikuwa tunakwenda kuchukua samaki, mimi, Mama Neema na watoto, redio inaimba. Tumeipita Fufu, niko kwenye themanini hivi, gari likanyamaza. Usukani ukawa mzito kama jiwe, breki nikakanyaga mara moja ikashika vizuri, mara ya pili ikawa ngumu. (Hili shika: ukizimikiwa ukiwa kwenye mwendo, usipige breki kwa kuigusagusa, ile nguvu iliyobaki ya kusaidia breki inaisha. Kanyaga mara moja, shikilia. Na ufunguo usiuzungushe hadi mwisho, usukani utajifunga.) Nikafika pembeni, nikawasha hazadi, lori la mizigo likanipita kwa honi ndefu hadi watoto wakainama. Napiga stata, inazunguka kwa nguvu zote, injini haishiki. Akaja kijana mmoja mchunga mbuzi na fimbo yake, akataka tusukume. Nikamwambia hili ni la otomatiki, utasukuma mpaka Iringa. Akacheka, akakaa na sisi kivulini chini ya mbuyu. Baada ya nusu saa likawaka lenyewe. Samaki hatukwenda tena.

Jumatatu nikaelekezwa kwa mzee mmoja fundi umeme, yupo maeneo ya Kizota, gereji yake ni mti na kontena. Hakufungua boneti. Alikaa kwenye ndoo, akaniuliza maswali kama daktari wa zamani. Linazima ghafla au linakohoa kwanza? Ghafla. Basi si mafuta, akasema, mafuta yakikatika gari hukohoa na kuvuta vuta kabla halijafa. Redio inazima? Nikasema hapana, inaendelea kuimba. Akatikisa kichwa polepole. "Na likizima, taa nyekundu ya betri na ya oili zinawaka?"

Baba Asha, sikujua. Limenizimikia mara kumi na kitu na sijui. Mwanaume nikiwa barabarani na lori nyuma yangu nitatazama taa saa ngapi? Mama Neema, ambaye alikuwa amekuja tu ili akitoka hapo apitie sokoni, ndiye aliyejibu: "Haikuwaka hata moja. Dashibodi yote ilikuwa giza, mshale wa mwendo ukalala sifuri na gari bado linakwenda. Mpaka nikamshika mkono."

Mzee akainuka kwenye ndoo. "Mama amelitengeneza gari," akasema.

Maelezo yake nakupa kama alivyonipa. Ufunguo wako hautoi umeme kwa waya mmoja. Kuna waya wa redio na vikorokoro, na kuna waya wa injini na dashibodi. Injini ikifa kwa sensa au kwa pampu, ule waya wa pili bado una umeme, kwa hiyo taa ya betri na ya oili lazima ziwake, ndivyo zilivyoumbwa. Zisipowaka, na mishale ikaanguka yote kwa pamoja, waya wenyewe umekosa umeme. Redio kuendelea kuimba kunasema betri ni nzima na njia ya ufunguo upande ule ni nzima. Na ile kompyuta kukosa kosa la kusoma? Hilo ndilo lililonimaliza. Umeme wa ule waya ukikatika, kontroli boksi inadhani wewe mwenyewe umezima ufunguo. Itaandika kosa gani? Haikuona kosa.

Hata hivyo hakununua maneno yangu wala ya mke wangu bila kupima. Alipima betri gari likiwa limepumzika: volti 12.6. Likiwashwa: 14.1. Altaneta, ile inayochaji betri, safi, akaachana nayo. Akachukua balbu ya indiketa, akaiunga kwenye ule waya wa injini pale kwenye boksi la fyuzi, akaitoa ndani akaibandika kwa tepu juu ya dashibodi mbele ya macho yangu. Tukazunguka na balbu yetu kama watu wa harusi, barabara ya vumbi yenye makorongo, dakika arobaini. Ikaanza kufifia. Ikawa nyekundu kama kaa la moto. Ikazimika, na injini ikaenda nayo.

Pale pale, kabla ya chochote kupoa, akajilaza chini ya usukani na tochi mdomoni. Nikasikia "ahaa" ya mtu aliyeona nyoka aliyekuwa akimtafuta. Akanivuta nione. Kumbuka ile alamu niliyofungiwa wakati naishi Area C, mwaka ule wizi ulipozidi, waliofunga siwataji. Walikata ule waya wa injini unaotoka kwenye ufunguo ili alamu iweze kuua injini, kisha wakauunga kwa kusokota kwa vidole na kuzungusha tepu. Basi. Tepu ilikuwa imeyeyuka ikawa kama lami, shaba ndani nyeusi tii, plastiki ya waya imekakamaa na kupasuka. Alipokitikisa kiungo hicho nikapiga stata, gari likawaka. Akalikamata likiwa linaunguruma, ncha moja ya mita ya umeme huku kwenye kiungo na nyingine kule: volti 2.1 zinapotea ndani ya fundo la ukubwa wa njugu. Inatakiwa usione karibu kitu. Kiungo kibovu kinapata moto, kikipata moto kinazidi kukataa, kikizidi kukataa kinapata moto zaidi, mpaka kinaachia. Ukikaa kivulini na mchunga mbuzi kinapoa, kinashikana tena. Ndiyo sababu yule fundi wa pili aliiona sensa.

Na mshale unaocheza na indiketa je? Huo ulikuwa ugonjwa mwingine kabisa, ukitembea bega kwa bega na huu. Aliwasha taa kubwa na feni, akaweka ncha ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye bodi: karibu volti nzima, 0.9. Kisizidi 0.2, akasema. Waya wa ethi, ule wa kurudisha umeme kwenye betri, kutoka injini kwenda bodi ulikuwa umeliwa na kutu ya kijani, zimebaki nyuzi chache zinazohangaika. Umeme wa taa na vioo ulikuwa unatafuta njia ya kurudi nyumbani na kuikosa, ukawa unapitia kwenye geji. Akakata waya mnene mpya, akasugua rangi kwa msasa mpaka chuma king'ae, akakaza bolti, akapaka grisi juu. Kile kiungo cha alamu akakiondoa na alamu yake, akalehemu waya na kuuvika mpira. Kila kitu elfu themanini na tano. Wiki ya saba hii, gari halijazima hata mara moja.

Sisemi lako ni hilohilo. Linaweza kuwa sensa kweli, na kama ni sensa hutajuta kuibadilisha. Linaweza kuwa swichi ya ufunguo yenyewe imelika, hasa wewe unayening'iniza funguo za nyumba, ofisi na banda la kuku kwenye mkufu mmoja, zitoe, uone. Linaweza kuwa rilei, ile swichi ndogo inayoendeshwa na umeme. Lakini umeniandikia ukurasa mzima wa bei na majina ya spea, na hujaniambia kitu kimoja ambacho hakina bei. Na tafadhali, wale vijana wa kuosha magari usiwaruhusu tena kupiga maji ya presha kwenye injini, usije ukaongeza ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza.

Likizima safari hii, usiguse ufunguo. Tazama dashibodi, au mweke shemeji pembeni atazame yeye, nimeshaona wanawake wetu wanatuzidi macho. Taa ya betri na ya oili zinawaka, au giza? Redio je? Kisha niandikie jibu kabla hujamlipa mtu.

Zabibu zikiiva nitakutumia kwa basi.

Swahiba wako,
Baba Neema