Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Mwanafunzi wa sanaa asiachwe peke yake na akili mnemba

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

Nakuandikia kutoka Dar es Salaam, ambako nafundisha uchoraji na usanifu wa vitambaa. Naandika hadharani kwa sababu najua walimu wenzangu wengi, na wazazi pia, wamelibeba jambo hili la akili mnemba shuleni moyoni bila kujua walipeleke wapi.

Mwaka jana binti mmoja niliyemfundisha alipewa sifuri huko alikoendelea na masomo. Walitakiwa kubuni kanga na kuiandikia maelezo ya ukurasa mmoja kwa Kiingereza. Maelezo yake yakapitishwa kwenye programu ya ukaguzi, programu ikasema yameandikwa na mashine, na mambo yakaishia hapo. Hakuulizwa swali hata moja. Alikuja nyumbani kwangu na mkoba umejaa karatasi: mchoro wa kwanza wa penseli, wa pili, mpaka wa tisa. Korosho za kwenye pindo alikuwa amezigeuzageuza mpaka zikakaa sawa. Karatasi moja ilikuwa na doa la chai. Tulizipanga sakafuni, nikaona alikokosea na alikojirekebisha, hatua kwa hatua. Waliompa sifuri hawakuwahi kuomba kuziona.

Mheshimiwa, programu hizo hazistahili kuaminiwa kiasi hicho. Kampuni ya OpenAI, iliyotoa ChatGPT, programu ya akili mnemba inayoandika, Novemba 2022, ilitengeneza programu yake yenyewe ya kutambua maandishi ya mashine, na Julai 2023 ikaiondoa kwa sababu ilikuwa inakosea mno. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizipima programu saba za aina hiyo kwa insha za mtihani wa TOEFL, unaofanywa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilihesabiwa kuwa kazi ya mashine. Hao ndio watoto wetu. Anayeandika kwa sentensi fupi na kwa maneno machache aliyo na hakika nayo ndiye anayeonekana mwizi.

Udanganyifu upo, siukatai. Nimeshapokea picha iliyokamilika kutoka kwa kijana ambaye hakuweza kunieleza kwa nini anga lake ni la zambarau. Nilichogundua ni kwamba kumkemea hakumfundishi kitu, kwa hiyo mwaka huu niliamua tuifungue mashine ya kuchora picha mbele ya darasa zima, kwa simu yangu na projekta ya kuazima.

Wakaiagiza ichore kanga. Ikaleta kitambaa cha kuvutia kweli, ila kilikuwa kitenge: ua lilelile limejirudia kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, hakuna pindo wala mji, ile sehemu ya katikati. Wakaiambia iweke pindo, ikaweka. Wakaiambia iandike jina, yaani ule usemi wa kanga. Pale chini pakatokea herufi zilizojipanga kama maneno, na hakuna aliyeweza kuzisoma. Binti mmoja akasema kanga bila jina huwezi kumpa mtu, maana atajiuliza unamwambia nini. Kisha kijana wa nyuma akauliza: "Mwalimu, mbona yenyewe haijui?"

Kipindi chote kikaishia kwenye swali hilo, na sijawahi kuwa na kipindi kizuri kama kile. Niliwaeleza kwamba mashine hizi hujifunza kwa picha zilizokusanywa mtandaoni pamoja na maelezo yake. Mkusanyo mmoja unaojulikana, LAION-5B wa mwaka 2022, una picha zaidi ya bilioni 5, na zaidi ya bilioni 2 kati yake zina maelezo ya Kiingereza. Doti ya bibi iliyokunjwa sandukuni kule Tanga haimo humo. Tukahamia kwa Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kupaka rangi za baiskeli kwenye vipande vya ubao miaka ya 1960 na kufariki mwaka 1972. Leo yeyote mwenye bando anaagiza picha "ya Tingatinga" na kuipata kwa nusu dakika, wakati wachoraji wanaoiendeleza kazi ile pale Oysterbay wanakaa siku nzima wakingoja mteja. Je, waliombwa ruhusa? Wanafunzi walibishana mpaka kengele ikagonga. Niliwaambia pia kwamba Marekani wasanii walikwenda mahakamani kwa swali hilohilo Januari 2023, na kwamba mwezi mmoja baadaye ofisi ya hakimiliki ya huko ilikataa kuzilinda picha za kitabu cha katuni zilizochorwa na mashine. Anayeota kuuza michoro yake kwa kiwanda cha nguo anapaswa kulijua hilo kabla hajamaliza shule.

Wizara yako imeleta mkondo wa amali, wa mafunzo ya ujuzi wa kazi, na kuipa sanaa bunifu nafasi ndani yake. Nakuomba somo hili la akili mnemba katika sanaa liingie humo. Lakini lianze mkononi: mtoto ajue kwanza kuchora pindo kwa penseli, ndipo aweze kuona mashine imekosea wapi. Na alama zitolewe kwa safari ya kazi, pamoja na daftari la michoro na maelezo ya mdomo mbele ya mwalimu, ambamo mwanafunzi aseme bila woga ni wapi alitumia akili mnemba na kwa nini. Akisema kweli asiadhibiwe. Matokeo ya programu ya ukaguzi peke yake yasitoshe kumpa mtu sifuri, popote nchini.

Sisi walimu nasi tunahitaji kufundishwa, na tufundishwe mapema kuliko wao. Nusu ya niliyowaeleza darasani nilijifunza usiku uliotangulia, kwa bando langu, na mwalimu aliye mbali na mjini hana hata hiyo nafasi.

Yule binti sifuri yake haijafutwa. Amerudi kwao, anasaidia dukani kwa mama yake, na aliponiachia karatasi zake hakusema atazifuata lini. Ninazo zote tisa. Ukiniita Dodoma, Mheshimiwa, nitakuja nazo.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa sanaa, Dar es Salaam