Tuanze na “kuliko” kabla ya “taller than”

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme neno kuhusu somo la Kiingereza linalofundishwa kila mwaka na kila mwaka linatuachia makosa yaleyale, yaani kulinganisha. Mabango ya maduka yameandikwa “more cheaper”, barua za kuomba kazi zina “more better”, na kijana aliyemaliza kidato cha nne bado anasema “Juma is tall than Asha”. Dawa inayotolewa ni moja: lile jedwali la safu tatu, “tall, taller, tallest”, likaririwe upya. Jedwali halina kosa, ila halielezi kwa nini watoto wetu wanakosea hivyo na si vinginevyo.

Tuangalie Kiswahili chenyewe. Tukisema “Juma ni mrefu kuliko Asha”, neno “mrefu” halijaguswa. Kazi yote imefanywa na “kuliko”. Kiingereza kinataka kazi hiyo ifanyike mahali pawili: kivumishi kibadilike kiwe “taller”, kisha “than” ifuate. Anayeandika “tall than” ameweka “than” mahali pa “kuliko” akaona amemaliza. Wa “more better” naye hajakurupuka. Kwake “better” ni “bora” tu, neno la kawaida, na sisi husema “bora zaidi”, basi anatafuta “zaidi” yake na kuibandika mbele. Kosa moja limepunguza na jingine limezidisha, lakini yote mawili yanatoka kwa mtu ambaye hajaambiwa kwamba katika Kiingereza ulinganisho umo ndani ya neno lenyewe. (Waingereza wa zama za Shakespeare waliandika “more better” bila haya. Mtihani wa leo hauwakumbuki.)

Kwa hiyo, kabla ya jedwali, mwalimu aandike ubaoni sentensi moja kwa lugha mbili, moja juu ya nyingine, kisha wanafunzi wapige mstari chini ya kila kinacholinganisha. Kiswahili kitapata mstari mmoja. Kiingereza kitapata miwili, chini ya “-er” na chini ya “than”. Afute “-er” na kuuliza kilichoharibika. Baada ya hapo ndipo aje na kanuni ya silabi.

Na hapo kwenye silabi pana mtego ambao vitabu haviutaji. Kanuni ni kwamba neno la silabi moja huchukua “-er”, na la silabi tatu au zaidi huchukua “more”. Lakini mtoto wa Kiswahili amezoea kwamba kila irabu iliyoandikwa hutamkwa, na kila irabu ni silabi. Akiona “safe”, “large” au “nice” anahesabu irabu mbili, anapata silabi mbili, anaandika “more safe” na “more large”. Hesabu yake ni sahihi kwa Kiswahili. Ahesabu kwa mdomo, si kwa macho: atamke neno huku akipiga makofi, ile “e” ya mwisho haipati kofi. Neno ni la silabi moja, na kwa kuwa “e” ipo tayari, huongezwa “r” pekee: “safer”, “larger”, “nicer”.

Maneno ya silabi mbili ndiyo yenye vurugu. Yanayoishia na “y” hugeuza “y” kuwa “i” na kuchukua “-er”: “happier”, “easier”, “heavier”. “Narrow”, “simple”, “clever” na “quiet” nayo hukubali “-er”. Mengi yaliyobaki, kama “modern”, “careful”, “useful” na “famous”, hutaka “more”. Kuna ya kukariri tu: “tired” na “bored”, hata ukiyaona mafupi, ni “more tired” na “more bored”. Upande wa tahajia, konsonanti ya mwisho huandikwa mara mbili pale neno la silabi moja linapoishia na irabu moja na konsonanti moja, kama “bigger”, “hotter”, “thinner”. “Cheap” ina irabu mbili, kwa hiyo ni “cheaper”. “Slow” inaishia na “w”, na “w” hairudiwi kamwe, kwa hiyo ni “slower”.

Makaidi yanajulikana: “good” huwa “better”, “bad” huwa “worse”, “far” huwa “farther” au “further”. Linalosahaulika ni “elder”. Unaweza kusema “my elder sister”, lakini huwezi kusema “she is elder than me”. Ukishaweka “than” lazima iwe “older”. “Senior”, “junior” na “superior” hazitaki “than” kabisa, zinataka “to”.

Kosa jingine la Kiswahili kitupu ni “very taller”. Sisi husema “mrefu sana kuliko” bila tatizo, na “sana” tumeshaizoea kuwa “very”. Kiingereza hakiruhusu “very” mbele ya neno lililokwisha kulinganishwa. Pana tofauti kubwa, tumia “much” au “far”: “much taller”. Pana tofauti ndogo, “a little taller” au “slightly taller”.

Sasa vielezi, ambavyo mara nyingi hupewa dakika tano za mwisho wa kipindi. Hapa Kiswahili kinatusaidia, maana mzungumzaji wetu anajua tangu utotoni tofauti ya “mzuri” na “vizuri”. Hawezi kusema “anaimba mzuri”. Basi ajiulize: kwa Kiswahili ningesema “vizuri”, “vibaya”, “kwa haraka”, “kwa uangalifu”? Kama ndiyo, anahitaji kielezi. “Mwandiko wake ni mzuri kuliko wa kaka yake” huzaa “nicer”. “Anaendesha kwa uangalifu zaidi” huzaa “more carefully”. Vielezi vinavyoishia na “-ly” huchukua “more”, isipokuwa “early”, ambayo huwa “earlier”. Vingi visivyo na “-ly”, kama “fast”, “hard”, “late” na “soon”, huchukua “-er”. “Well” huwa “better”, na “badly”, japo ina “-ly”, huwa “worse”. Na tafadhali, anayejituma kuliko mwenzake “works harder”. “Hardly” ni neno jingine kabisa, na “she hardly works” maana yake ni kwamba kazi hafanyi.

Kipimo hicho cha “vizuri” kina pengo moja. Tunasema “pilau hii inanukia vizuri kuliko ile”, na mwanafunzi makini ataandika “smells more nicely”. Hapana, ni “smells nicer”. Baada ya “smell”, “taste”, “look” na “feel” zenye maana ya jinsi kitu kilivyo, Kiingereza hutaka kivumishi, kwa sababu anayesifiwa ni pilau, si kitendo cha kunukia.

Kuna kosa moja ambalo hata waandishi wa habari hulifanya: kulinganisha vitu visivyolingana. “The depth of Lake Tanganyika is greater than Lake Victoria” inalinganisha kina na ziwa. Kwa Kiswahili tusingekosea, tungesema “kina cha Ziwa Tanganyika ni kikubwa kuliko cha Ziwa Viktoria”. Hiyo “cha” ya pili ndiyo inayodondoka njiani. Kwa Kiingereza ni “that of”, na kwa wingi ni “those of” au “those in”. Ama mtu aseme kwa ufupi: “Lake Tanganyika is deeper than Lake Victoria”, mita 1,470 dhidi ya mita 80 hivi. Vivyo hivyo Kilimanjaro, wenye mita 5,895, ni “higher than any other mountain in Africa”. Ukiiacha “other”, umesema mlima huo umejizidi wenyewe.

Nikirudi kwenye mabango, “our prices are more cheaper” ina makosa mawili, si moja. Ukifuta “more” bado pana kasoro, kwani kwa Kiingereza sanifu bidhaa ndiyo huwa “cheap”, bei huwa “low”. Iandikwe “our prices are lower” au “our goods are cheaper”.

“Kadiri… ndivyo” nayo ina mwenzake, lakini huyo anataka “the” pande zote mbili na neno la kulinganisha litangulie kila upande. “Kadiri unavyopanda mapema, ndivyo mavuno yanavyokuwa mazuri” ni “the earlier you plant, the better the harvest”. Wengi huandika “the earlier you plant, the harvest will be better”, sentensi iliyoanza Kiingereza ikamalizikia Kiswahili.

Mwisho, tahajia. “Than” ni “kuliko”, “then” ni “kisha”. Zikitamkwa haraka hazitofautiani sana, na programu za simu za kusahihisha maandishi mara nyingi huziachia zote kwa kuwa kila moja ni neno halali. Anayeandika barua ya kazi azitafute moja moja kwa macho yake kabla ya kuituma.

Mwalimu wa Kiingereza,
Morogoro