Mnada wa shule usigeuke duka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini niseme na kamati za shule zinazojiandaa kwa harambee ya madawati, vyoo au maabara. Tafadhalini, acheni kununua ndoo, mabeseni na vitenge ili mkavinadi. Kila aliyekaa pale anajua bei ya beseni, hatapanda mbali nayo, na shule itakuwa imetoa fedha kabla haijaingiza hata shilingi.

Tafuteni kitu ambacho duka halina. Huku Njombe, ningeweka kulimiwa ekari moja kwa trekta mbele ya mbuzi, ilimradi mnada ufanyike Septemba au Oktoba, kabla ya mvua za Novemba. Lakini huduma isinadiwe kwa mdomo mtupu. Andikeni kadi: ni kulima tu au na kupiga haro (kuvunja mabonge ya udongo), shamba lisizidi kilomita ngapi kutoka shuleni, mwisho wa kuitumia ni lini, dizeli ni ya nani. Chini yake iwe sahihi ya mwenye trekta na muhuri wa shule. Hiyo dizeli ndiyo inayozaa ugomvi: mshindi anadhani ameshalipia kila kitu, mwenye trekta anasubiri aletewe dumu. Fundi ujenzi aliyejitolea siku 2, au fundi cherehani wa sare, naye aandikiwe kadi yake.

Shule zenye kitalu zina mali kubwa kuliko zinavyodhani. Miche ya parachichi aina ya Hass iliyobebeshwa na wanafunzi wenyewe, yaani kuunganishwa kikonyo (kijiti cha mti wa Hass) juu ya mche mwingine, iuzwe kwa mafungu ya 10. Kwa nafasi ya mita 7 kwa 7, ekari moja huchukua miche 80 hivi, kwa hiyo mwenye shamba atagombea zaidi ya fungu moja. Msilete mche uliobebeshwa wiki 2 zilizopita: kikonyo huweza kubaki kibichi kwa maji yake chenyewe, kumbe hakijashika. Subirini kichipue na majani mapya yakomae. Nailoni iliyofungia kiungo nayo ifunguliwe kikishapona, kwani ikisahaulika huukaba mche shina linaponenepa. Mwagilieni jioni ya kuamkia mnada. Asubuhi udongo wa kiriba (mfuko wa mche) utakuwa umeshikana, haumwagiki garini.

Jogoo na keki vifungue mnada. Jogoo akae kivulini na apewe maji. Keki mara nyingi hununuliwa ikarudishwa inadiwe tena, basi karani aandike kila mauzo kwenye mstari wake, jina na kiasi, la sivyo hesabu za jioni hazitakaa sawa.

Vitu 20 vinatosha. Kwa dakika 3 kila kimoja, hiyo ni saa nzima. Vile vya thamani vinadiwe kabla ya chakula, wageni wakiwa bado wapo. Bei ianzie nusu ya ile ya sokoni. Ikianza juu, watu hunyamaza, mnadi hulazimika kushusha, na ukumbi hupoa.

Ahadi ndizo zinazoua minada yetu. Bandikeni lipa namba ya shule, si simu ya mjumbe, na karibu yake awepo mwenye kitabu cha stakabadhi. Kitu kisitoke mezani bila stakabadhi. Mshindi asipolipa hadi shughuli inafungwa, aitwe aliyemfuatia kwa bei.

Msomaji wako,
Njombe