Kidonge cha aleji na dawa ya kiungulia visimezwe kwa glasi moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe wasomaji jambo lisiloelezwa vya kutosha kwenye madirisha ya maduka ya dawa. Mteja ananunua dawa ya aleji na ya kiungulia, anafika nyumbani anazimeza zote kwa wakati mmoja. Mara nyingi hapaharibiki kitu. Ila ikiwa kidonge chenyewe ni feksofenadini, ambayo wengine wanaijua kama Telfast, hapo fedha zinapotea bure.

Dawa za kiungulia zenye alumini na magnesiamu, zile nyeupe za maji au za kutafuna, huing'ang'ania feksofenadini tumboni, na kiasi kinachoingia kwenye damu hupungua kwa takriban asilimia 40. Chafya zinaendelea, mgonjwa anaamini amepewa kidonge feki, anaongeza cha pili. Asiongeze. Aachanishe dawa hizo kwa saa 2. Mfano: feksofenadini saa 12 asubuhi kwa maji matupu, chai saa 1, kisha dawa ya kiungulia saa 2, kwani hiyo hufanya kazi vizuri zaidi saa moja hivi baada ya kula. Kama ni ya maji, chupa itikiswe kwanza. Juisi ya machungwa, ya balungi au ya tufaha nayo huipunguza feksofenadini nguvu, kwa hiyo isitumike kumezea.

Asiyeweza kufuata ratiba hiyo amuulize mfamasia kuhusu setirizini au loratadini. Kwa mtu mzima ni kidonge kimoja cha miligramu 10 kwa siku, na dawa ya kiungulia haizisumbui kwa kiasi cha kutia wasiwasi.

Piriton ina hatari ya aina nyingine. Dawa iliyomo ndani yake imo pia katika vidonge vingi vya mafua, hivyo anayemeza vyote viwili anajizidishia dozi na usingizi, jambo baya sana kwa dereva wa bodaboda. Wazee wenye tezi dume wanaweza kuzibwa mkojo. Tena, vidonge vya mafua vyenye sudoefedrini visiandamane na Eno au magadi ya mara kwa mara: mkojo hupungua asidi, dawa inachelewa kutoka mwilini, moyo unakwenda mbio na presha inapanda. Eno yenyewe ina sodiamu nyingi, mwenye presha asiizoee. Mgonjwa wa figo asiguse dawa yenye magnesiamu au alumini bila ruhusa ya daktari.

Kwa wenzangu wauza dawa: kuandika "1 x 1" kwenye bahasha hakutoshi. Andikeni saa, na muulize mteja ana dawa gani nyingine nyumbani. Anayerudi kununua dawa ya kiungulia kwa zaidi ya wiki 2, anayemeza chakula kwa shida au anayepata choo cheusi, msimuuzie chupa nyingine, mwelekezeni hospitali.

Mfamasia,
Morogoro