Kabla hamjamtumia mtoto aliye Marekani karatasi ya kilio

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kwa ajili ya wazazi wa hapa Lubumbashi wenye watoto Marekani. Simu ya namna hii sasa imezoeleka: "Baba, niko naomba mkopo wa nyumba, banki inauliza kwa nini mwaka ule sikulipa deni. Nitumie karatasi ya kilio." Mzazi anakimbia komine, anarudi na karatasi yoyote, anapiga picha na simu, anatuma. Wiki mbili baadaye banki inakataa au inauliza upya, na lawama zinaanza.

Barua ya maelezo ambayo banki inaitaka kwa mtoto, na ambayo karatasi ya kilio inaithibitisha, si ombi la huruma. Mchunguzi wa mkopo, ambaye hajui Kampemba iko upande gani, anaweka tarehe mbili kando kwa kando: siku shida ilipotokea na mwezi malipo yalipokatika. Shida ikitangulia na malipo yakafuata kukatika, anaendelea na faili. Kifo kikiwa cha Septemba na malipo yalikatika tangu Machi, hata barua iandikwe kwa machozi haitamsaidia mtu.

Barua nzuri haizidi nusu ukurasa. Kwa mfano: "Malipo ya kadi yangu ya mkopo ya Mei, Juni na Julai 2021 yalichelewa. Baba yangu alifariki Lubumbashi tarehe 28 Aprili 2021, nikalipia hospitali na mazishi. Tangu Agosti 2021 nimelipa kila mwezi kwa wakati. Nimeambatanisha hati ya kifo, faktura ya hospitali na risiti za kutuma fedha." Basi. Akianza kueleza ugomvi wa wajomba kuhusu kilio, anafungua maswali ambayo hayakuulizwa.

Sasa upande wetu wa huku. Tarehe 03/04/2021 kwetu ni tarehe 3 Aprili; Mmarekani anaisoma kuwa Machi 4. Mfasiri anayeigeuza karatasi kuwa Kiingereza aandike mwezi kwa herufi, siku zote. Faktura inayosema 1.250,00 kwao inaandikwa 1,250.00, na kama ni faranga, iandikwe wazi kuwa ni faranga. Halafu majina. Sisi tuna majina matatu, wao wanatafuta la kwanza na la mwisho. Mara nyingi jina la baba kwenye hati ya kifo halifanani hata kidogo na jina la mtoto kwenye kadi yake ya Marekani, kwa hiyo hati ya kuzaliwa ya mtoto, yenye jina la baba, isafiri pamoja. Kama kifo hakikuandikishwa kwa wakati wake, njia halali ni kuomba hukumu ya mahakama inayochukua nafasi ya hati hiyo. Karatasi iliyoandikwa jana ikapewa tarehe ya zamani ni hatari: kudanganya banki katika ombi la mkopo ni jinai chini ya sheria ya shirikisho la Marekani, na atakayesimama mbele ya hakimu ni mtoto, si yule aliyegonga muhuri.

Kosa jingine linatokana na ushauri wetu wenyewe: "Lipa madeni yote upesi, mwanangu." Asilipe deni lolote la zamani kabla ya kuchukua ripoti zake za mikopo kwa Equifax, Experian na TransUnion, kampuni tatu zinazoandika nani analipa madeni na nani halipi; zinapatikana bure kwenye annualcreditreport.com. Deni lililoshindikana hukaa kwenye ripoti takribani miaka 7, likihesabiwa tangu alipoanza kukosa kulipa. Likiuzwa kwa mkusanya madeni mwingine, hesabu hiyo haianzi upya. Lakini katika majimbo mengi, kulipa hata dola 20 za deni kuukuu kunaweza kuanzisha upya muda ambao mdai anaruhusiwa kumshitaki. Amuulize kwanza ofisa wa mkopo.

Mikopo yenye bima ya FHA, idara ya serikali ya Marekani inayowekea bima mikopo ya nyumba, ina hesabu yake. Madeni yaliyo mikononi mwa wakusanyaji, ukiondoa ya matibabu, yakifika jumla ya dola 2,000, ama yalipwe, ama kuwe na mpango wa malipo, ama banki ichukue asilimia 5 ya deni kama mzigo wa kila mwezi. Deni la dola 3,000 linahesabiwa kama dola 150 kwa mwezi hata kama yeye halipi kitu, na kiasi cha nyumba anachoweza kukopeshwa kinashuka. Madeni ya hospitali ni mepesi zaidi: tangu Aprili 2023 yale ya chini ya dola 500 hayaonyeshwi kwenye ripoti za kampuni hizo tatu, na yaliyokwisha kulipwa yaliondolewa tangu Julai 2022.

Kwa waliopitia kambi za Zambia au kwingineko kama wakimbizi, kuna deni moja ambalo familia husahau: tiketi ya ndege. IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, huikopesha bila riba, na malipo huanza miezi michache baada ya kufika. Mtu akihama mji bila kutoa anwani mpya, bili zinaenda nyumba ya zamani, na deni linatokea kwenye ripoti siku anapotaka nyumba. Hili lina dawa rahisi: apige simu kwa shirika lililompokea, aombe taarifa ya salio na barua ya kuthibitisha kila alicholipa.

Deni lisilo lake alipinge kwa maandishi. Kwa kawaida kampuni ya ripoti ina siku 30 za kuchunguza. Afanye hivyo miezi kadhaa kabla ya kuomba mkopo, kwa sababu pingamizi ambalo bado halijaamuliwa linaweza kusimamisha faili nzima.

Na ninyi mnaopiga picha: karatasi ilazwe mezani mchana, kona zote nne zionekane, muhuri usikatwe, na upande wa nyuma upigwe pia hata kama una saini moja tu. Orijino ibaki nyumbani mpaka mtoto aseme amepewa funguo.

Msomaji wenu,
Komine ya Kampemba, Lubumbashi