Mdogo wako asihame takwimu

Lubumbashi, Kampemba

Ndugu yangu Bahati,

Jambo ya siku nyingi. Ndagala zilifika, kavu na safi, na hapa nyumbani bukari, ugali wetu, imepata mwenzake. Mama watoto anakushukuru sana.

Barua yako niliisoma taratibu, maana nilisikia wasiwasi ndani yake hata pale ulipokuwa unatania. Unasema ukiwaambia watu wa Kalemie kwamba mdogo wako anasoma takwimu, wanakuuliza: "Hiyo ni kazi ya ofisi gani?" Daktari wanamjua, mwalimu wanamjua, mtu wa duane, yaani forodha, ndiyo kabisa. Mtakwimu hawajui asubuhi anaingia mlango upi. Na wewe unayelipa ada unataka kujua kama si afadhali ahamie sheria mapema.

Nakujibu wazi: asihame. Ila kazi itakayomlisha si ile anayoiota, na hapo ndipo nataka tuongee.

Yeye anaota kompyuta. Alipotutembelea Jumapili alinieleza habari za akili bandia, na vyeti vya kwenye intaneti vinavyolipiwa kwa dola. Nilimsikiliza, kwa kweli ana akili, na akiongea uso unawaka. Lakini nchi yetu, Bahati, ilihesabu watu wake kwa mara ya mwisho mwaka 1984. Tulikuwa bado tunaitwa Zaire, na tulipatikana milioni 30 na kidogo. Tangu hapo, kila idadi ya watu unayoisikia redioni, iwe ya Kongo nzima, ya Haut-Katanga au ya Kalemie yako, ni makadirio. Yamejengwa juu ya hesabu ile ya zamani, au juu ya hesabu ndogo ndogo ambazo kila idara inajifanyia yenyewe. Waliokimbia vita, waliofuata migodi, waliozaliwa, waliokufa: wote wanakisiwa.

Matokeo yake utayaona kwenye zoni za afya, yale maeneo nchi ilivyogawanywa kwa huduma za afya, na Kongo ina zoni 519. Mwisho wa mwezi kituo kinaandika watoto waliochanjwa, mtu wa zoni anaingiza namba katika DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, mfumo unagawanya kwa idadi ya watoto wanaotarajiwa, halafu inatoka asilimia 120. Watoto waliochanjwa wamewazidi watoto waliopo! Labda kigawanyo ni kidogo mno. Labda kuna kambi ya wachimbaji imeota pale na hakuna aliyeihesabu. Labda akina mama wanatoka zoni jirani kwa sababu barabara ya huku ni nzuri zaidi. Labda dozi ya pili imeandikwa kwenye safu ya kwanza, au daftari lilijazwa usiku kabla ya mkutano. Kompyuta haitakuambia ni lipi kati ya hayo. Atakayekuambia ni mtu aliyesoma takwimu na pia aliwahi kukaa kwenye benchi la kituo akaona daftari linavyojazwa. Mtu wa namna hiyo ni adimu, na anatafutwa: serikalini, kwenye mashirika, kwenye miradi ya kila aina. Neno ninalotaka umwambie kwa niaba yangu (ananiita yaya, yaani kaka mkubwa, lakini wewe ndiye anayekuogopa) ni hili tu: akae karibu na pale tarakimu inapozaliwa.

Na huku kwetu tarakimu nyingi zinazaliwa kwenye mawe. Mkate wangu unatoka huko, kwenye maabara ya mgodi, kwa hiyo niruhusu nirefushe kidogo.

Lori linafika limejaa mawe. Mnunuzi anataka kujua shaba ni asilimia ngapi na kobalti ngapi, na maabara itapima gramu chache tu za unga. Basi bei ya lori zima inategemea gramu zile zilivyochukuliwa. Ukichota pale juu ya rundo kwa sababu ndipo mkono unapofika, umeshaharibu, maana vipande vikubwa huporomoka hadi pembeni, vidogo vinabaki katikati, na madini hayakai kwa kiasi kimoja katika vikubwa na vidogo. Ndiyo maana unachukua sehemu nyingi za rundo, unaponda, unachanganya, unagawa nusu, nusu moja unaiweka kando, unaponda tena, hivyo hivyo mpaka zibaki gramu za kupima. Kila hatua ina kosa lake. Mara nyingi kosa la kuchukua sampuli ni kubwa kuliko kosa la mashini ya maabara, ingawa wakubwa wakiona namba mbaya wanakimbilia kulaumu mashini. Mtakwimu ndiye anayejua kuyatenganisha makosa hayo: anatuma sampuli pacha za lori moja kwa majina tofauti, maabara haijui, halafu anatazama namba zinapishana kiasi gani.

Huko Kolwezi, wachimbaji wa mkono wanapouza kwenye depo, mnunuzi anaelekeza kwenye jiwe kifaa cha kushika mkononi, wenyewe wanakiita Metorex, na asilimia inatoka papo hapo. Kelele za pale ni kwamba kifaa kinaibia watu. Wajanja wapo, sikatai. Lakini hata kikiwa kisafi, kinaona kijisehemu cha juu tu cha jiwe lililo mbele yake, na gunia zima linauzwa kwa bei ya kijisehemu hicho. Nusu ya ugomvi ule ni suala la sampuli, na tasnifu nzuri sana imelala pale inasubiri mwanafunzi mwenye miguu.

Elimu hii yenyewe ina mizizi migodini, na si mbali na sisi. Danie Krige alikuwa mhandisi kwenye migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini. Mwaka 1951 alieleza kwa hesabu jambo lililokuwa likiwasumbua: sehemu zilizokadiriwa kuwa tajiri sana, zikichimbwa, kwa wastani zinatoa chini ya makadirio, na zilizodhaniwa maskini zinatoa zaidi. Mfaransa Georges Matheron akaijengea nadharia kamili, na mpaka leo njia hiyo ya kukadiria madini inaitwa kwa jina la Krige. Mdogo wako amesoma regresheni, njia ya kukadiria kitu kimoja kwa kutumia kingine, darasani, amepata alama nzuri, na hakuna aliyemwambia kwamba wenzake walioajiriwa migodini wanaitumia kila wiki. Nimemshauri atafute rafiki miongoni mwa wanafunzi wa jiolojia. Wamfundishe kusoma mawe, yeye awafundishe uwezekano.

Milango mingine ipo. Benki na kampuni za pesa za simu zinahitaji watu wa kupima nani atalipa deni na nani hatalipa. Bima nayo: zamani ilikuwa SONAS, kampuni ya serikali, peke yake, sheria ya mwaka 2015 ikafungua soko, na kampuni zikiongezeka watu wa hesabu za bima wanatakiwa, ingawa masomo yake ni marefu. Viwanda pia. Usicheke, kipimo kile cha t wanachokariri wote mwaka wa pili kilitoka kwenye kiwanda cha bia. William Gosset alikuwa mfanyakazi wa Guinness huko Dublin, alihitaji kuamua mambo kwa sampuli chache, na mwaka 1908 alichapisha kazi yake kwa jina la bandia, Student. Wapo wanafunzi wanaodhani Student maana yake ni wao!

Kuhusu kazi ya mashirika, ile ya kuzunguka kwenye kaya na dodoso ndani ya simu, nina maneno mawili. Ni shule nzuri. Huko ndiko atajua kwamba mtu hakuambii mapato yake akiwa amesimama mbele ya jirani. Atajua pia kwamba ukiuliza bei ya unga soko la Kenya hapa Lubumbashi unatajiwa bei ya meka, kopo la kupimia, na meka ya muuzaji huyu si meka ya yule, kwa hiyo usipobeba mizani hukukusanya bei yoyote. Lakini asizeekee humo. Nawajua watu wenye shahada wanaolipwa kwa siku, mradi ukiisha wanakaa nyumbani kusubiri mwingine, na nywele zinaanza kuwa nyeupe. Akishazoea kuuliza maswali, aombe kuwa yule anayechagua kaya zitakazoulizwa, na yule anayekaa usiku kukagua data za siku na kumpigia simu mkusanyaji aliyemaliza kaya zake haraka kuliko miguu inavyoweza. Huyo ndiye anayepewa mkataba.

Ya kompyuta sasa. Ajue R vizuri, ile programu ya hesabu za takwimu. Ilianzishwa na walimu wawili wa chuo kikuu cha Auckland, Ross Ihaka na Robert Gentleman, ni ya bure, na ukishaiweka kwenye mashini inafanya kazi bila intaneti, jambo ambalo mtu anayenunua mega za intaneti kwa bahati nasibu ya mfuko wake ataliheshimu. Ajue SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, kiasi cha kutoa data mwenyewe bila kumsubiri fundi. KoboToolbox, ya kukusanya majibu ya dodoso kwa simu, ataijua kwa siku chache, na programu ya ramani ya QGIS kwa muda mrefu kidogo. Excel asiidharau, maana mkuu wake wa kazi ataifungua hiyo tu. Zaidi ya yote ajifunze kuandika ukurasa mmoja wa Kifaransa ambao mtu asiyejua hesabu atausoma na kuamua jambo. Wengi hapa wanashindwa kazi kwa sababu ya ukurasa huo, si kwa sababu ya hesabu. Na Kiingereza cha kusomea, tafadhali.

Akitaka kuendelea mbele, shule za takwimu za Abidjan, Yaoundé na Dakar zina mitihani ya kuingia, ni migumu, na hisabati ndiyo inayochuja. Upande wenu msisahau Dar es Salaam: kuna chuo cha takwimu cha Afrika Mashariki, na ninyi mnavuka ziwa tu hadi Kigoma.

Zile dola za cheti usizitume. Ongeza kidogo tumnunulie kompyuta iliyotumika yenye betri nzuri, kwa sababu umeme wa huko Kasapa anakokaa unaujua. Fundi mmoja mtaani kwetu anazo, nitaenda na mdogo wako tukachague.

Staji, yaani mafunzo kazini, nimemwombea mdogo wako kazini kwangu, hawajajibu, na sitaki kumpa matumaini bure. Je, shemeji yako yule wa zoni ya afya bado yuko? Kama atakubali kumpokea likizo hii akae na madaftari ya vituo, alinganishe na yale yaliyoingizwa kwenye mfumo, mimi naona ni bora hata kuliko kuja huku mgodini mwaka huu. Muulize, kisha nijibu kabla mitihani haijaanza, ili nijue kama niendelee kumsumbua mkuu wangu.

Salamu kwa mama na kwa wote wa nyumbani.

Ndugu yako,
Ilunga